Leseni ya Gazeti Isiwe Hisani

KAULI YA WIKI
Na Rehema Mwakalinga

Juni 2020, miezi minne kabla ya Uchaguzi Mkuu, gazeti la Tanzania Daima lilifutiwa leseni. Hakuna hakimu aliyesikiliza pande mbili. Uamuzi ulitoka kwa ofisa mmoja, Mkurugenzi wa Idara ya Habari (MAELEZO), na gazeti likatoweka mezani kwa wauzaji.

Nasema waziwazi: mamlaka hayo hayafai kuwa mikononi mwa ofisa yeyote, awe mkali au mpole.

Sheria ya Magazeti ya 1976 ilikuwa kandamizi, kwani ilimruhusu waziri kufungia gazeti. Hata hivyo, gazeti lilisajiliwa mara moja tu. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ikaongeza leseni ya kuhuishwa kila mwaka. Mwaka 2017 pekee, Mawio na MwanaHalisi yalifungiwa miaka miwili kila moja; Raia Mwema na Tanzania Daima, siku 90.

Asiyejua uendeshaji wa gazeti ataona siku 90 ni chache. Katika siku hizo pango linadaiwa, mishahara inadaiwa, watangazaji wanahamia kwingine na waandishi wanatafuta kazi. Madhara yanawafikia hata ambao hawajafungiwa. Mhariri mwenye habari ya mkataba wenye utata anafikiria leseni atakayoiomba tena. Habari inapelekwa ukurasa wa ndani, majina yanapunguzwa, mwisho inaachwa. Mlipa kodi hatajua kamwe alichonyimwa.

Februari 2022, Serikali ya Rais Samia iliyafungulia Mawio, MwanaHalisi, Mseto na Tanzania Daima. Niliishangilia hatua hiyo. Marekebisho ya 2023 nayo yakapunguza makali ya sheria, lakini leseni ikabaki. Kwenye mtandao rungu likashikwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA): Oktoba 2024 ilisitisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications, kufuatia video ya katuni iliyogusa watu kupotea. Septemba 2025, wiki chache kabla ya uchaguzi, ikaja zamu ya JamiiForums, siku 90. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Uhuru wa hisani ndivyo ulivyo. Mwenyewe akiutaka, anauchukua.

Watetezi wa sheria hii wanasema vyombo vya habari hukosea. Ni kweli, na aliyechafuliwa jina ana haki ya kwenda mahakamani kudai fidia. Lakini kulifunga gazeti zima kwa habari moja ni kuwaadhibu wasomaji ambao hawakukosa lolote. Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyopo hapa hapa Arusha, iliamua 2018 kwamba kufungiwa kwa Mseto kulikiuka Mkataba wa Jumuiya. Machi 2019 ikaona vifungu kadhaa vya sheria ya 2016 navyo vinaukiuka.

Bunge lifute leseni ya kila mwaka, lirejeshe usajili wa mara moja, na likabidhi mahakamani uamuzi wa kusimamisha chombo chochote. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Mbunge wako akija jimboni, muulize muswada huo ataupeleka lini.