Kisanamu chako kimepauka? Kitie giza!

Leo tuweke kando mapazia na makochi, tuzungumzie kitu kidogo kweli kweli, kisichozidi kipande cha juu cha kidole gumba. Nasema vile vijisanamu vya askari, mazimwi na mashujaa ambavyo watu wazima na akili zao hukaa mezani wakavipaka rangi kwa brashi yenye ncha kama sindano.

Usicheke bwana. Kule Uingereza hii ni starehe yenye wenyewe. Kampuni ya William Britain ilianza kuuza askari wadogo wa madini ya risasi, wenye uwazi ndani, tangu mwaka 1893. Mwaka 1913 mwandishi H.G. Wells akatoa kitabu kizima cha kanuni za kuwapiganisha sakafuni. Siku hizi mji wa starehe hii ni Nottingham, iliko kampuni ya Games Workshop yenye mchezo wa Warhammer ulioanza mwaka 1983. Wana shindano lao la kupaka rangi liitwalo Golden Demon, na bingwa wa mabingwa hapewi kikombe, anapewa upanga!

Sasa kuna barua imenifikia kutoka huko huko Nottingham. Ni baba mmoja, mtu wa nyumbani, anafanya kazi za usiku. Anaandika: "Anko, mimi na mwanangu wa miaka 12 tunaonana vizuri Jumamosi asubuhi tu, na saa hizo tunapaka vijisanamu. Tumemaliza askari 20. Rangi hazijavuka mipaka wala hatujachafua, lakini tukivipanga mezani vinaonekana kama pipi zilizolambwa. Juzi dogo kasema tuviuze, tuache. Nimekosa la kumjibu."

Ndugu yangu, usiuze kitu. Mkono wenu ni mzuri, kinachowaangusha ni woga. Mnaogopa giza, na mwanga nao mnautoa kiduchu kama chumvi ya mgonjwa.

Hebu piga hesabu nami. Mtu wa sentimita 170 akipunguzwa hadi milimita 28, amegawanywa kwa 60 hivi. Ukimshika mbali na macho yako sentimita 60, ni sawa na kumtazama mtu kamili aliyesimama mita 36 kutoka ulipo. Kwa umbali huo nani anaona mkunjo wa shati? Unaona doa la bluu linatembea, basi. Juu ya hapo taa ya chumbani na kuta nyeupe zinamrushia mwanga kila upande, vivuli vyake vya asili vinafutika. Ndiyo maana rangi moja safi, hata ikipakwa kwa unadhifu wa fundi cherehani, hufanya kisanamu kionekane bapa.

Waigizaji wa jukwaani wanalijua hili siku nyingi. Ukimwona kwa karibu unashtuka: wanja mzito, mashavu yamechorwa kivuli, pua imepigwa mstari mweupe. Aliyekaa kiti cha nyuma anaona sura ya kawaida kabisa. Na nyie kina dada mnaopamba maharusi mnanielewa: ukimjaza bibi harusi poda ya aina moja uso mzima, kwenye picha anatoka kama sahani.

Kwa hiyo tuanze upya. Kabla ya rangi yoyote, kisanamu kipigwe praima nyeusi kote. Ikikauka, chukua ya kupuliza nyeupe au kijivu cheupe, puliza kutoka juu tu, kama mvua inavyomnyeshea mtu. Mabegani, kichwani na juu ya magoti patakuwa peupe. Chini ya kwapa, ndani ya joho na chini ya kidevu patabaki peusi. Hiyo ndiyo ramani yako. Mimi hushauri ipigwe picha kwa simu kabla ya kuendelea, maana ukishapaka rangi ramani inajificha, na ukisahau mwanga unatokea wapi utauweka popote unapojisikia.

Kisha rangi ya msingi, iliyozimuliwa kwa maji hadi iwe kama maziwa. Bora mikono miwili myembamba kuliko mmoja mzito kama uji. Halafu rangi ya kivuli, ile ya majimaji inayokimbilia mashimoni yenyewe. Maarufu zaidi inaitwa Nuln Oil, na wapo wanaoiabudu kana kwamba ni dawa. Hapa ndipo wengi wanapotelea: wanaimwagia kote, inakauka, wanasema nimemaliza. Kumbe kisanamu kimechafuka tu, kama shati lililofuliwa maji ya tope! Ukishaweka kivuli, nyonya kilichotuama kwa brashi safi. Kikikauka, rudi na rangi ile ile ya msingi uipitishe sehemu zilizoinuka pekee, ukiyaacha mabonde na giza lake. Halafu rangi nyeupe zaidi kidogo, eneo dogo zaidi. Kisha nyeupe zaidi tena, eneo dogo zaidi tena.

Na tafadhali, usidhani kila rangi inang'arishwa kwa nyeupe na kutiwa kivuli kwa nyeusi. Nyekundu ukiitia nyeupe unapata waridi, na askari wako anakuwa keki ya sherehe. Ing'arishe kwa rangi ya chungwa, na kivuli chake kiwe damu ya mzee au kahawia iliyokolea. Njano ukiichanganya na nyeusi inageuka kijani cha ugonjwa, kwa hiyo mpe kahawia yenye uchungwa. Nguo nyeupe ianzie kijivu, ile nyeupe yenyewe uiweke akiba ya mwisho. Nguo nyeusi ibaki nyeusi, ila kwenye kingo pitisha mstari mwembamba wa kijivu chenye ubluu. Manyoya na deraya za minyororo hazina haja ya mateso: chovya brashi, ifute kwenye karatasi mpaka idhaniwe kavu, kisha pitisha juu juu.

Mwisho kabisa kuna vile vidoa vinavyotisha. Ncha ya pua, mfupa wa shavu, vifundo vya vidole, makali ya upanga. Hapo weka rangi nyeupe kuliko moyo wako unavyokuruhusu, lakini kidoa tu. Kwenye chuma, mng'ao ukae ubavuni mwa giza bila kulainishwa sana. Ndivyo chuma kinavyong'aa. Ukikitazama kwa karibu utasema nimeharibu. Kiweke mezani, rudi hatua mbili, ndipo utoe hukumu.

Kama bado una wasiwasi, piga picha, kisha iondoe rangi kwenye simu ibaki nyeusi na nyeupe. Koti na suruali vikitoka kijivu kile kile, tatizo umeliona. Asiye na simu ya namna hiyo afinye macho, inatosha.

Najua kuna atakayesema Games Workshop walileta rangi za Contrast mwaka 2019, unapaka mkono mmoja juu ya msingi mweupe na kivuli kinajitengeneza. Ni kweli, na kwa jeshi zima zinaokoa muda. Ila ule mwanga wa mwisho bado unataka mkono wa mtu, na mtoto wa miaka 12 anastahili kujua giza linakaa wapi na kwa nini.

Kwa hiyo baba, Jumamosi hii msiguse wote 20. Chagueni mmoja, yule mbaya kuliko wote. Juu ya rangi iliyopo wewe fanya vivuli, dogo afanye mwanga, na usimshike mkono hata akizidisha. Akikauka, msimamisheni katikati ya wenzake 19 na mtazame kutoka mlangoni. Dogo akitaka kuendelea, wa pili mbadilishane, yeye atie giza.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitaeleza namna ya kuchora macho kwenye uso usiozidi punje ya mtama. Tafuteni miwani mapema.