Imani yenye mikono

Jumapili moja baada ya Misa hapa Mjimwema nilimwona mzee mmoja wa jumuiya yetu akitoka kanisani na mkongojo. Alikuwa amepata kiharusi, na nyumbani alishaanza kutembea vizuri. Kwa furaha nikamwita kutoka mbali: “Kamwene, mzee wangu!” Akageuka anijibu, mguu ukakwama, akaanguka. Tulipomwinua akasema, “Baba, nikiongea, mguu unanisahau.”

Wapendwa, sisi wazima hutembea huku tukihesabu chenji na kusalimiana. Aliyeumizwa ubongo na kiharusi mara nyingi huifikiria kila hatua. Salamu moja humwondolea umakini ule mguu unaouhitaji. Mwaka 1997, watafiti wa Sweden walichapisha habari za wakazi 58 wa makazi ya wazee. Kati ya 12 waliosimama walipoanza kuzungumza njiani, 10 walianguka ndani ya miezi sita.

Ndiyo maana wataalamu wa mazoezi ya viungo humzoesha mgonjwa, akishaweza kutembea, kufanya mambo mawili kwa pamoja: atembee akitaja majina ya wajukuu, akihesabu kurudi nyuma, au akibeba kikombe. Huanza na jepesi, mahali tambarare, mtu akiwa karibu upande uliodhoofika.

Nasi je? Wapo wanaosema amerogwa, wakapoteza miezi kwa waganga. Wengine, kwa upendo, humkalisha juani tangu asubuhi na kumfanyia kila kitu. Wengine huomba, kisha hungoja muujiza. Sala ni lazima. Lakini wale wanne wa Injili ya Marko walimbeba mwenzao mpaka darini, na Petro, mlangoni pa hekalu, alimshika yule kiwete mkono akamwinua. Imani ina mikono.

Sasa vijana wa jumuiya hupokezana kumtembeza mzee wetu, kama mtaalamu alivyowaelekeza. Hapo mwanzo walitembea kimya. Siku hizi husali naye Rozari njiani, yeye akihesabu Salamu Maria. Jumuiya yako inaweza kumpangia nani zamu wiki hii?

Mimi nami nimejifunza. Simwiti tena kutoka mbali. Namfuata, nasimama upande wake wa kushoto, kisha ndipo namsalimu.

Dominika njema.