Salahuddin wa Tarehe na Salahuddin wa Senema

Vijana wengi humjua Sultani Salahuddin al-Ayyubi, Mwenyezi Mungu amrehemu, si kwa kitabu bali kwa ile senema ya Misri ya mwaka 1963, iliyoongozwa na Youssef Chahine, naye Ahmed Mazhar akawa ndiye Sultani. Ni kazi kubwa, wala si haki kuidharau. Huruma ya Sultani kwa adui zake imeonyeshwa kwa ustadi.

Lakini wajuzi wa tarehe wameikosoa, na hoja zao zina uzito. Kwanza, yamfanya Salahuddin mpigania Uarabu, kwa kufuata siasa ya zama za Rais Gamal Abdel Nasser. Hali yeye alikuwa Mkurdi, mzaliwa wa Tikrit, na kilichowakusanya Wakurdi, Waturuki na Waarabu chini ya bendera yake ni Uislamu. Pili, yamkutanisha na Mfalme Richard wa Uingereza, na wawili hao hawakuonana kamwe. Walipelekeana wajumbe tu.

La tatu ndilo zito zaidi. Issa al-Awwam, aliyefanywa jemadari wa Kikristo apendanaye na mwanamke wa Kifaranji, kwa habari ya Ibn Shaddad, kadhi wa jeshi la Sultani, alikuwa Mwislamu hodari wa kuogelea. Akka ilipozingirwa, alipiga mbizi usiku chini ya merikebu za adui, akiwapelekea waliozingirwa barua na dhahabu alizojifunga kiunoni. Usiku mmoja hakufika. Baada ya siku kadhaa bahari ikautupa mwili wake ufukoni mwa mji, na dhahabu na barua zingali kiunoni. Hata katika mauti aliifikisha amana.

Mapenzi ya kubuni yana uzuri gani mbele ya habari hii? Na ikiwa nia ilikuwa kuonyesha uadilifu kwa Wakristo, tarehe yatosha: Baitul Muqaddas ilipofunguliwa mwaka 1187, Wakristo wa Mashariki waliruhusiwa kubaki.

Basi enyi wazazi, watoto wakiitazama senema hiyo, kaeni nao, kisha wasimulieni yaliyokuwa. Waambieni kuwa Sultani alipofariki Damascus mwaka 1193, hazina yake ilikuwa dirhamu 47 na dinari moja. Taifa lisilohifadhi habari za wakubwa wake huhadithiwa na wengine, nalo likasadiki.

Wabillahi tawfiq.