Mlango wa kazi si mlango wa chumba cha hoteli

Kila shirika linalofungua ofisi hapa Kivu Kaskazini, Beni au Butembo, hubandika ukutani karatasi ya usawa. Wanawake karibu, walemavu karibu, kabila lolote karibu, unyanyasaji marufuku. Karatasi safi, yenye rangi. Nina swali moja tu kwa walioibandika: yule dada aliyefika getini na dosye yake ya kuomba kazi kwapani, anaingia kazini kwa njia gani?

Nauliza kwa sababu tumeshaona. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina, ikaingia Beni, ikapanda hadi Butembo na Katwa. Ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imeua watu 2,287. Ndani ya msiba huo ikazaliwa ajira kubwa, Riposti, yaani kazi ya kupambana na Ebola. Magari mapya, dola, posho. Katika miji ambamo kijana mwenye diploma anauza uniti za simu kando ya barabara, mtu mwenye uwezo wa kuandika jina lako kwenye orodha ya wasafishaji, wapishi au wahamasishaji aligeuka mungu mdogo. Na mungu mdogo akadai sadaka.

Septemba 2020 wanawake 51 walieleza mambo hayo kwa waandishi wa The New Humanitarian na Thomson Reuters Foundation: kazi ilitolewa kwa ngono, na aliyekataa alikosa au alifukuzwa. Wengi wao waliwataja wanaume waliojitambulisha kuwa wa OMS, Shirika la Afya Duniani. Mwaka mmoja baadaye tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Aïchatou Mindaoudou wa Niger na Julienne Lusenge, dada yetu wa Kongo, ikataja washukiwa 83, wakiwemo 21 walioajiriwa na OMS. Tume ikaeleza pia jambo ambalo kila mtu mjini alilijua: vibarua wa hapa waliajiriwa bila tangazo la wazi wala ushindani. Orodha ilikuwa mfukoni mwa mtu.

Wapo wanaosema, hasa jioni penye pombe ya kasiksi, kwamba wale wanawake walikubali wenyewe. Kukubali gani? Mtu amekimbia shamba lake kwa kuogopa panga za waasi wa ADF, ana watoto wanne na kodi ya nyumba inamngoja, halafu bosi anamwambia alete dosye hotelini saa mbili usiku. Huko si kukubali. Ni bei, na aliyeipanga alijua mnunuzi hana pa kwenda.

Na tusijifiche nyuma ya wageni. Miongoni mwa washukiwa wale walikuwamo Wakongomani pia. Miaka ile tulipiga kelele kwamba kazi zimechukuliwa na watu wa Kinshasa, wasiojua Kinande wala Kiswahili. Kelele ya haki kabisa: utamweleza vipi bibi wa Katwa habari za mazishi salama kwa Kifaransa? Lakini yule “mtoto wa hapa” tuliyempigania tulimwona kichwani akiwa mvulana. Dada yake tulimwacha ajitafutie mlango. Alipoupata, tukamwita malaya.

Halafu ikaja fidia. Shirika la habari la AP liliripoti mwaka 2023 kwamba OMS iliwapa wanawake 104 dola 250 kila mmoja, fedha isiyofika posho ya siku moja ya baadhi ya maofisa wa Umoja wa Mataifa walioko Kinshasa. Dola 250! Wengine wana watoto waliozaliwa na wanaume hao.

Sheria tunazo, tena nyingi. Ibara ya 14 ya Katiba ya 2006 inadai usawa, sheria ya 20 Julai mwaka huohuo imefanya usumbufu wa kingono kuwa jinai, na marekebisho ya mwaka 2016 ya sheria ya familia yalimwondolea mke sharti la kuomba ruhusa ya mume ili aajiriwe. Zimelala Kinshasa kwenye makabati.

Ebola ilirudi Butembo Februari 2021, ikarudi Beni Oktoba mwaka huo, kisha tena Agosti 2022. Hata isiporudi, vita vinaleta mashirika kila msimu, na yote yanaajiri mbiombio. Dharura si kisingizio. Kubandika tangazo la kazi sokoni na kwenye ukuta wa meya, pamoja na mshahara wake, ni kazi ya asubuhi moja. Kusoma majina ya waliochaguliwa redioni, kwa Kinande na Kiswahili, ni dakika kumi. Wekeni wanawake wa hapa kwenye jopo la kuajiri, si kwenye jiko la jopo. Mkaguzi wa kazi apewe orodha nzima, naye atoke ofisini akaihakikishe.

Na bosi atakayemwita mwombaji kazi nje ya ofisi, awe wa Geneva, wa Kinshasa au wa Kimemi hapa Butembo, afukuzwe siku hiyohiyo na jina lake lipelekwe parke, kwa mwendesha mashtaka.