Fuvu Halisemi Kihunde

Juzi, tukiwa tumekaa nje ya maktaba, mwenzangu wa mwaka wa mwisho alisema suala la makabila halihitaji mjadala mrefu. "Tazama mbwa," alisema. "Kuna wa uso mrefu, kuna buldogi wa uso bapa. Kila mmoja na aina yake. Binadamu ni vivyo hivyo: kichwa kinasema mtu ametoka wapi." Wengine walicheka. Mimi sikucheka, na nimeona heri nimjibu hapa, kwa kuwa hoja hiyo imewahi kufika nyumbani kwetu.

Natoka Kalembe, pale Masisi inapopakana na Walikale. Mimi na kaka yangu mkubwa tumezaliwa tumbo moja, baba mmoja. Mimi nina kichwa kipana cha mviringo, kama mama. Yeye ni mrefu, uso mwembamba, pua iliyochongoka, kama babu mzaa baba. Siku moja tulipotoka sokoni, vijana wenye bunduki walitusimamisha kwenye bariere. Mimi niliambiwa nipite. Yeye aliambiwa akae chini. Hawakuuliza jina wala kitambulisho; walimtazama tu. Baadaye mmoja wao akamwamuru ahesabu kwa Kihunde, kisha ataje vyombo vya jikoni. Akavitaja, kwa lafudhi ya nyanya yetu. Wakamwachia jua likizama.

Nianze na mbwa. Buldogi hakupata uso bapa kwa kuzaliwa nchi fulani. Alitengenezwa. Wafugaji, hasa tangu karne ya 19, walichagua wenye pua fupi, wakawapandisha wao kwa wao kizazi baada ya kizazi, mpaka fuvu likafupika. Nyama laini za koo hazikufupika nalo, ndiyo maana mbwa hao hukoroma na kukosa pumzi wakati wa joto. Mbwa wa wawindaji wa misitu yetu, wale wanaofungwa kengele ya mbao shingoni, walithaminiwa kwa kuwinda, si kwa sura. Hata jina walilopewa Ulaya, basenji, ni ndugu wa neno letu washenzi: aliyewaita hivyo alikuwa akiwatazama wenye mbwa. Binadamu hakuna aliyetufuga namna hiyo. Mfano wa mbwa unaanguka hapo.

Kipimo chenyewe kilianzishwa na Msweden Anders Retzius katika miaka ya 1840. Unagawanya upana wa kichwa kwa urefu wake, unazidisha kwa 100. Kwa kawaida, ikizidi 80 kichwa huitwa kifupi na kipana. Ikipungua 75 huitwa kirefu. Hesabu haina kosa. Kosa ni kudhani kwamba inajibu swali la asili. Wamangbetu, kaskazini-mashariki mwa nchi yetu, walikuwa wakifunga vichwa vya vichanga ili virefuke. Kilichorefusha ni kufungwa, si damu.

Sisi wa isimu tusijitoe. Mwaka 1912 Carl Meinhof, ambaye tunamheshimu kwa kazi yake ya fonolojia ya Kibantu, alitoa kitabu juu ya lugha alizoziita za Kihamiti. Ndani yake mna nyongeza ya Felix von Luschan kuhusu maumbile ya hao Wahamiti. Luschan ndiye aliyekusanya Berlin mafuvu ya watu kutoka makoloni. Mwaka 2023 watafiti wa huko walitoa matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki. Zaidi ya 900 yalitoka Rwanda, ng'ambo tu ya volkano zetu. Sarufi na fuvu vilifungwa jalada moja.

Meinhof alitia Kimaasai na Kifulani kapu moja. Joseph Greenberg alipolinganisha maneno na sarufi bila kuuliza sura wala mifugo, kapu likapasuka: Kimaasai kikaenda kwa ndugu zake wa Kinailoti, Kifulani kikaenda Niger-Kongo. Na kwetu je? Malcolm Guthrie aliweka Kihunde na Kinyarwanda katika kanda D. Wataalamu wa Tervuren walipounda kanda J, lugha hizo mbili zilihamia humo pamoja. Watu wanatafutana kwa pua barabarani, na lugha zao zinalala chumba kimoja.

Hata hivyo, asije mtu akasema: basi tupime ulimi badala ya fuvu. Kaka yangu aliokolewa na nyanya aliyetulea. Binamu yetu aliyekulia Goma anajua Kiswahili na Kifaransa tu. Yeye angekaa chini mpaka lini? Lugha huonyesha nani alikulea na ulicheza na nani. Haionyeshi damu, wala si kibali cha kupita.

Ndiyo maana nina maombi mawili kwa kitivo. Fomu yetu ya utafiti wa uwandani ina mstari wa kabila la mhojiwa. Nimeona wenzangu wakiujaza kabla mhojiwa hajafungua kinywa, na mimi nimewahi kufanya hivyo. Mstari huo ufutwe, au ujazwe kwa maneno ya mhojiwa mwenyewe, akipenda. La pili: walimu wetu wanapomfundisha Meinhof, wasiziruke kurasa za Luschan. Tuzisome darasani, tujue taaluma yetu ilikaa na nani.

Kaka yangu ni seremala, hajasoma isimu. Lakini kila anaposafiri, gari likikaribia bariere, midomo yake hucheza taratibu. Anahesabu kwa Kihunde, moja mpaka kumi, kama mwanafunzi anayeingia kwenye mtihani.