Serikali Yaagiza, Kabati Lasoma

Kuna ugonjwa katika nchi yetu ambao hauandikwi katika vitabu vya hospitali, nao ni ugonjwa wa kuagiza taarifa na kutozisoma. Huitwa wataalamu, wakapewa magari na barua za kuingilia maskulini. Wataalamu wakaenda Unguja na Pemba, wakakaa nyuma ya madarasa, wakauliza, wakahesabu, wakaandika. Kisha taarifa ikafungwa vizuri, ikapokewa kwa hotuba na picha, ikatiwa kabatini. Baada ya hapo hutoka amri ya elimu yenye kuelekea kinyume kabisa na yale yaliyomo kabatini. Na kila tunapouliza kwa nini, twaambiwa kuwa sisi ni wapinzani na kazi yetu ni kupinga.

Basi leo tutataja taarifa zenyewe, na miaka yake, na waliozitoa, ili kila mwanachama wetu awe na jibu mkononi atakapoambiwa maneno hayo barazani.

Mwaka 2006 ilitoka Sera ya Elimu ya Zanzibar. Kabla yake mtoto alisoma skuli ya msingi kwa Kiswahili, lugha ya mama yake, na Kiingereza akakikuta sekondari kuwa ndiyo lugha ya kufundishiwa. Sera ile ilipunguza miaka ya msingi kutoka saba hadi sita, na ikaamuru kuwa hesabu na sayansi, kuanzia darasa la tano, zifundishwe kwa Kiingereza. Hatuandiki hapa kueleza ni lipi lililogeuzwa tangu siku ile na lipi lililobakia, kwani serikali huamuru na serikali hutangua. Twauliza swali moja ambalo halizeeki: amri ile ilisimama juu ya ushahidi gani?

Wala isisemwe kuwa ushahidi haukuwapo. Ulikuwapo, tena mwingi. Mwaka 1953 shirika la UNESCO lilitoa kitabu chake juu ya lugha za wenyeji katika elimu, likasema kuwa lugha iliyo bora kumfundishia mtoto ni ile aliyoipata kwa mama yake. Hao walikuwa wageni, na pengine mtu atasema hawakuijua hali yetu. Haya, tuje kwa wenyeji. Katika miaka ya 1970 Baraza la Kiswahili la Taifa liliwatuma Penina Mlama na May Matteru wakatazame mafunzo ya juu yanavyokwenda, na taarifa yao ilitoka mwaka 1978. Waliyoyakuta ni yale yale ambayo kila mwalimu wa visiwa hivi ayajua: mwalimu akiuliza kwa Kiingereza, darasa hunyamaza kama msikiti baada ya Isha; akiuliza swali lile lile kwa Kiswahili, mikono hunyanyuka na majibu hutoka kamili. Ikaja Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ikamaliza kazi mwaka 1982, ikashauri kuwa sekondari ianze kufundishwa kwa Kiswahili kuanzia Januari 1985. Serikali ya Muungano ilipotoa uamuzi wake mwaka 1984, shauri lile lilikuwa limekwisha kuondolewa. Tume nzima ilikaa, ikazunguka, ikasikiliza watu, na kwa mstari mmoja wa kalamu kazi yake katika jambo hilo ikawa bure.

Sasa tafadhalini msomaji atulie hapa kidogo, maana mwaka huo huo wa 1984 lilitokea jambo ambalo, lau halikuandikwa, tungeliambiwa twalizua. Wataalamu wawili wa Kiingereza, Clive Criper na William Dodd, walipewa kazi ya kupima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania. Walipima kuanzia msingi hadi Chuo Kikuu. Wakaona kuwa katika wanafunzi wa kidato cha nne, yaani vijana wanaomaliza miaka minne ya kufundishwa kwa Kiingereza, ni kiasi cha mmoja tu katika kumi aliyefikia kiwango ambacho kwacho mtu angeweza hata kuanza kufundishwa kwa lugha hiyo. Mtu mwenye akili akisoma habari hiyo atangojea hukumu ya namna gani? Daktari akimpima mgonjwa akaona kuwa dawa haimfai watu tisa katika kumi, atasemaje? Lakini mabwana wale walishauri Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia, na nchi yao baadaye ikatoa fedha za mradi wa kukitia nguvu, pamoja na vitabu. Vipimo vyao vilikuwa vya kweli, na hatuna ugomvi navyo. Shauri lao ndilo lililokwenda njia nyingine, na wakubwa wetu wakaliokota shauri wakaviacha vipimo.

Kuanzia mwaka 2002 wataalamu wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway walishirikiana katika uchunguzi ulioitwa LOITASA, wakafanya majaribio ya kufundisha masomo ya sekondari kwa Kiswahili katika madarasa mengine na kwa Kiingereza katika mengine. Madarasa ya Kiswahili yaliuliza, yalibishana, yalielewa. Ya Kiingereza yalinakili ubaoni. Haya yote yalikwisha kujulikana kabla ya amri ya 2006. Amri ilipotoka, haikukipandisha Kiswahili juu kama taarifa zilivyoelekeza. Ilikishusha Kiingereza chini, hadi kwa mtoto wa miaka kumi na moja.

Ajabu haikuishia hapo. Wakati sera ile bado mbichi, Chuo Kikuu cha Bristol cha Uingereza, pamoja na wenzao wa hapa hapa Zanzibar, walifanya uchunguzi ulioitwa SPINE juu ya mitihani ya kidato cha pili, mitihani ambayo wakati ule ndiyo iliyokuwa mlango: anayepita huendelea, asiyepita hurudi nyumbani. Hao hawakuuliza maoni ya watu. Walichukua maswali ya mtihani, wakawapa wanafunzi kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili, na kwa lugha mbili pamoja, wakatazama. Wanafunzi wengi waliopewa maswali kwa Kiingereza waliacha nafasi tupu au waliandika maneno yasiyoeleweka. Swali lile lile likija kwa Kiswahili, walikuwa na la kusema. Maana yake ni nyepesi. Mtihani ule, ulioitwa mtihani wa bayolojia au wa kemia, ulikuwa kwa kiasi kikubwa mtihani wa Kiingereza, na mtoto alihukumiwa kuwa hajui sayansi na hali hakuulizwa sayansi kwa lugha anayoielewa.

Mchukueni mtoto wa Kojani. Tangu hajaota meno ya pili ajua bamvua na maji mafu. Ajua mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta maji makubwa, na mwezi ukiwa nusu maji hulala. Ajua siku gani babake atatoka na siku gani chombo kitakaa juu ya mchanga. Profesa wa Ulaya husomea vitabu ili ayajue aliyonayo mtoto huyu. Lakini mwekeeni karatasi inayouliza juu ya bamvua kwa Kiingereza, kwa neno ambalo katika kamusi lina maana pia ya chemchemi, na ya kamani ya saa, na ya kuruka, na ya majira ya mwaka ambayo hapa hayapo. Ataitazama karatasi, ataacha nafasi tupu. Na mkaguzi ataandika: mwanafunzi wa Pemba hajui.

Hii ndiyo dhulma tunayoisema. Wala mzigo wake hauwaangukii wote sawasawa. Mwenye uwezo humlipia mtoto wake skuli ya binafsi tangu chekechea, na nyumbani kuna vitabu na televisheni ya lugha hiyo. Asiyekuwa nacho, mwanawe hukisikia Kiingereza skuli peke yake, tena kwa mwalimu ambaye mwenyewe alipita njia ile ile. Mwalimu huyo husoma sentensi kitabuni, akaifasiri kwa Kiswahili ili isaidie, kisha watoto wakaandika kwa Kiingereza wasichokielewa. Hatumlaumu. Angefanyaje? Darasani yuko huru kufasiri, mtihani haufasiri.

Watatokea watakaosema: wapinzani wanataka watoto wa maskini wasijue Kiingereza, wabaki wakibeba mizigo ya watalii huku wenzao wakikaa ofisini. Hoja hii yastahili jibu la heshima, maana wazee wengi wanachama wetu huwa na khofu hiyo hiyo, na khofu yao ni ya haki. Kiingereza twakitaka, tena twakitaka kizuri kuliko hiki. Lakini kufundishwa Kiingereza ni jambo moja, na kufundishwa hesabu kwa Kiingereza ni jambo jingine. Huko Ile-Ife, Nigeria, kuanzia mwaka 1970, Profesa Babatunde Fafunwa na wenzake walifundisha watoto masomo yote ya msingi kwa Kiyoruba kwa miaka sita, na Kiingereza wakakifundisha kama somo, kwa mwalimu aliyekisomea kazi hiyo. Watoto hao waliwapita wenzao katika masomo, na katika Kiingereza chenyewe hawakuachwa nyuma. Jaribio lilifanywa, likapimwa, likaandikwa. Sisi wenye lugha moja kutoka Nungwi hadi Makunduchi na kutoka Konde hadi Mkoani, lugha ambayo Kiunguja chake ndicho kilichochaguliwa tangu miaka ya 1920 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki, twashindwa nini?

Wengine husema mikono ya Zanzibar imefungwa, kwa kuwa mtihani wa kidato cha nne hutungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, na huko Bara sera ya mwaka 2014 ilikifungulia Kiswahili milango ya ngazi zote, kisha toleo lake la 2023 likairudisha sekondari kwenye Kiingereza. Kweli, fundo hilo lipo. Lakini skuli ya msingi si jambo la Muungano. Darasa la tano lilikuwa mikononi mwetu wenyewe mwaka 2006, na hakuna aliyetulazimisha.

Tusije tukafahamika vibaya: utafiti si msahafu. Wataalamu hukosea, na tumeona wengine wakipima sawa na kushauri upande. Tena jambo likifaa mahali pamoja, kwa mikono fulani, laweza kuharibika likihamishwa. Jirani zetu wa Kenya walijaribu kuajiri waalimu wa mkataba. Palipoendeshwa na shirika la hiari watoto walinufaika. Paliposhikwa na serikali yenyewe faida haikuonekana. Huko huko, Busia, skuli ziligaiwa vitabu, na kila mtu akaamini kuwa kitabu hakina ubaya. Wakapima, wakaona kuwa walionufaika ni wale waliokuwa tayari mbele, kwa sababu vitabu viliandikwa kwa Kiingereza na wengi wa waliobaki hawakuweza kuvisoma. Lau wasingelipima, wangelihesabu vitabu vilivyogaiwa wakajisifu. Hapa kwetu, ndugu, tumezoea kuhesabu madawati.

Kwa hivyo hatusemi serikali ifuate kila taarifa kama kipofu afuatavyo fimbo. Twasema iseme. Ikiwa imeikataa taarifa, itoe sababu hadharani, kwa Kiswahili, ili mzee wa Micheweni naye aipime. Ikiwa ina amri mpya ya darasani, iijaribu kwanza katika skuli chache za mjini na za shamba, kwa waalimu hawa hawa na mishahara hii hii, ipime, ichapishe, ndipo iwaamuru watoto wote. Na taarifa za utafiti uliofanywa katika skuli zetu zisibaki Bristol na Oslo. Mtoto wetu ndiye aliyepimwa, na mzazi wake ana haki ya kusoma alichoonekana nacho.

Serikali iliyotangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964 yajisifu kwa tarehe hiyo kila mwaka. Haya, na iadhimishwe. Lakini mtoto anayekaa miaka kumi darasani asielewe asomeshwalo amelipa, tena amelipa kwa umri wake, na hakuna wizara itakayomrudishia.

Makatibu wa matawi wanaombwa wafanye jambo moja kabla ya mkutano ujao. Kila tawi limwendee mwalimu mkuu wa skuli yake, kwa adabu, pamoja na kamati ya skuli, waulize mambo matatu: ni watafiti gani waliowahi kuingia skulini hapo, walipima nini, na je, kuna nakala ya majibu yao iliyorejeshwa skulini? Waalimu wasibanwe, maana wengi wao hawakuletewa hata ukurasa. Majibu yaandikwe, yatiwe tarehe, yaletwe makao makuu. Tutayachapa hapa hapa, skuli kwa skuli, hata zile zitakazojibu kuwa hazikupata kitu.