Masaa 24 ya kwenye mfuko si ya Molo

Wasee, leo nakuja kutubu.

Mnakumbuka ile video yangu ya Julai mwaka jana, chumba cha mathe huko Molo? Sakafu ilikuwa imejaa mashimo. Mimi na beshte yangu fundi tukamwaga ile simiti ya kujisawazisha, ile unakoroga na maji inajitandaza yenyewe kama uji. Kesho yake tukabandika mkeka wa mbao. Mathe anaingia, anashika mdomo, anacheka. Mliipenda sana. Hata mimi niliipenda.

Kile hamkuona ni Septemba. Mkeka ulikuwa umefura kwenye pembe. Tulipoufunua, gundi ilikuwa bado inanata na chini kulikuwa na kuvu nyeusi. Chumba kilinuka kama gunia la waru lililonyeshewa. Mathe alikuwa amekohoa tangu Agosti. Kumuuliza mbona hakunipigia, akasema hakutaka kuniharibia video. Hiyo iliniuma kuliko pesa ya mkeka.

Na si ati hatukungoja. Mfuko uliandikwa masaa 24, tukangoja masaa 24. Shida ni kwamba nilisoma namba nikaruka mstari wa chini yake: kwa joto la digrii 20. Sasa niambie, ni nyumba gani ya Molo iko na digrii 20 Julai? Kule ni karibu mita 2,500 juu ya bahari. Usiku joto hushuka chini ya digrii 10, asubuhi ni ukungu, na joto la nyumba ni jiko la jikoni peke yake. Hata hapa Nakuru mjini, chumba cha chini kisichoona jua kinakaa baridi msimu huo wote.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo mnivumilie na hii kemia yangu. Kushika na kukauka ni vitu viwili. Kushika ni simiti na maji kuungana kuwa kitu kigumu, ndio maana unaweza kukanyaga sakafu baada ya masaa machache. Kukauka ni yale maji yaliyobaki kutoka ndani na kuenda hewani. Baridi inachelewesha yote mawili, na hewa ikiwa tayari imejaa unyevu, maji hayana pa kuenda. Ni kama suruali ya jinzi uliyoanika Julai: haidondoki, lakini ukiivaa utajua. Halafu unakuja kufunika hiyo sakafu na mkeka wa plastiki. Umeyafungia maji ndani.

Unene pia ni maneno. Masaa ya mfuko ni ya tabaka jembamba. Ukijaza shimo refu, ongeza siku. Na skridi ya kawaida ya mchanga na simiti ndiyo mbaya zaidi: mafundi wengi huhesabu siku moja kwa kila milimita, na hiyo ni hali ya hewa ikiwa nzuri. Milimita 50 ni kama siku 50. Wewe unayehamia bedsita mpya yenye skridi ya wiki mbili, usikimbilie kununua mkeka.

Lakini mimi silaumu fundi. Yule beshte yangu aliweka mkono chini akaniambia, "Buda, hii bado ni baridi sana, tuipe wiki." Ni mimi nilisema lazima niposti Ijumaa. Na hapa ndipo maoni yangu yako: sisi watu wa video za "chumba kipya kwa siku moja" tunadanganya watu. Mteja akishaona hizo video, anaona fundi anayesema ngoja ni mvivu. Fundi naye analipwa kwa siku, siku ya kungoja hakuna anayeilipa, kwa hivyo anafunika tu na kuenda. Kungoja ni sehemu ya kazi. Mkubaliane mapema arudi lini, na nauli yake uiweke kwenye hesabu.

Kabla ya kufunika, kata nailoni safi ya nusu mita kwa nusu mita, ibandike sakafuni, ziba pande zote na selotepu, uache hadi kesho. Ukikuta matone chini yake au sakafu imekuwa nyeusi, bado. Ikiwa kavu, ni dalili nzuri, si cheti. Kama nyumba ni ya zamani na haikuwekwa nailoni chini ya slabu, unyevu unaweza kuwa unapanda kutoka ardhini, na hapo kungoja pekee hakutasaidia.

Fungua madirisha mchana jua likiwaka, funga jioni ukungu ukishuka. Na tafadhali, usifungie jiko la makaa ndani ya chumba ndio sakafu ikauke. Ile hewa yake haina harufu na inaua watu. Hita ya gesi nayo inatoa mvuke, unarudisha maji yale yale.

Januari, kiangazi, tulikwangua yote na kumwaga upya. Tulijaribu nailoni mara tatu. Wiki tatu nzima mathe alilala sebuleni, na sikuwa na video yoyote ya kuposti. Sai mkeka umelala sawa na kikohozi kimeisha.

Ile video ya zamani sijaifuta. Nimebandika hii post juu yake. Kama uko na sakafu mpya, weka nailoni leo usiku, halafu kesho uniambie umekuta nini.